Nchelenge: Mgeni na Mwenyeji Ufukoni mwa Ziwa Mweru

Msafiri atokaye Mansa, makao makuu ya Jimbo la Luapula nchini Zambia, akishika barabara ya lami iendayo kaskazini, huandamana na bonde la Mto Luapula kwa saa kadhaa. Kushoto kwake, ng'ambo ya mto na mabwawa ya mafunjo, ni nchi ya Kongo. Kulia ni mashamba ya mihogo, na vijiji vilivyojipanga kandokando ya barabara. Hupita Mwansabombwe, makao ya Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda wa mashariki, na baada ya mwendo si mrefu maji hutanda mbele yake hata asiuone mwisho wake. Hapo amefika Nchelenge, mji wa wilaya ulio ukingoni mwa Ziwa Mweru. Mji huo umeungana na mji wa soko wa Kashikishi, hata mgeni hawezi kutambua mmoja unaishia wapi na wa pili unaanzia wapi.

Ufuko wa Nchelenge unatazama magharibi. Jioni jua huzama upande wa Kongo, na maji yote hugeuka rangi ya shaba. Giza likiingia, wavuvi wa chisense, samaki wadogo mfano wa dagaa, huwasha taa zao ili kuwavuta samaki juu. Usiku usio na mbalamwezi ziwa huonekana kama mji mwingine uliojengwa juu ya maji.

Ziwa hili lina eneo la kilomita za mraba 5,120 hivi, nalo liko zaidi ya mita 900 juu ya usawa wa bahari. Pamoja na ukubwa huo, kina chake cha wastani ni mita 7.5 tu. Jirani yake, Ziwa Tanganyika, lina kina kinachopita mita 1,400 mahali palipo kirefu kabisa. Maji ya Mweru huletwa na Mto Luapula kutoka mabwawa ya Bangweulu, na pia na Mto Kalungwishi utokao mashariki. Hutoka kwa Mto Luvua karibu na mji wa Pweto, yakaingia Lualaba, kisha Mto Kongo. Hivyo tone la mvua linaloangukia paa la nyumba ya Nchelenge safari yake huishia Bahari ya Atlantiki, wala si Bahari ya Hindi.

Ufupi wa kina ndio utajiri wa ziwa. Mwanga wa jua hupenya kwa urahisi, upepo huchanganya maji na rutuba ya chini, na matete na mafunjo huota kwa wingi ukingoni. Humo samaki huzaliana, na penye samaki hapakosi ndege. Furukombe hupaza sauti juu ya miti, mnandi hukausha mbawa zake juu ya nguzo za gati, na mdiria mwenye madoa meupe na meusi huning'inia hewani kabla ya kujitupa majini. Kuanzia mwezi Septemba hufika chamchanga, ndege wadogo wenye miguu myembamba waliosafiri kutoka Ulaya na Urusi, wakadonoa wadudu katika mchanga uleule wanaochezea watoto wa Kashikishi.

NCHI YENYE KUMBUKUMBU

Kwa msomaji wa Kiswahili, Mweru si nchi ya ugenini. David Livingstone alipofika ukingoni mwa ziwa hili mwezi Novemba mwaka 1867, alikuta njia za biashara zilizokwisha kukanyagwa na misafara ya pwani. Katika mji wa Kazembe alimkuta Muhammad bin Saleh, mfanyabiashara Mwarabu aliyekuwa amekaa huko miaka mingi. Mwaka huohuo Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, alipigana na Nsama, mtawala wa Watabwa wa upande wa mashariki ya ziwa, akamshinda na kuchukua akiba kubwa ya pembe za ndovu. Habari hizo alizisimulia mwenyewe kwa Kiswahili katika kitabu cha maisha yake. Hata leo, ng'ambo ya maji katika miji ya Kilwa na Pweto, Kiswahili cha Katanga ndicho lugha ya soko, na si ajabu kukisikia Kashikishi pia miongoni mwa wafanyabiashara wanaovuka mpaka.

Kumbukumbu nyingine ni chungu zaidi. Kuelekea mwaka 1910 ugonjwa wa malale uliposhika bonde la Luapula, serikali ya kikoloni iliwahamisha watu kutoka kingo za mto na ziwa, ikawapeleka bara. Wengi hawakuruhusiwa kurudi hadi miaka ya 1920. Wazee wa ufukoni walirithishana habari za kutengwa na maji yaliyowalisha. Jambo hilo lafaa kukumbukwa kila mara anapotokea mtu mwenye daftari na kalamu anayetaka kuchunguza nani afanye nini ukingoni mwa ziwa.

Katika miaka ya karibuni watu wameongezeka. Vita vya mashariki ya Kongo vimeleta wakimbizi mara kwa mara, na mwaka 1998 na 1999 maelfu walivuka kuingia Luapula na jimbo la jirani la Kaskazini. Mwaka 2018 ilifunguliwa makazi ya wakimbizi ya Mantapala, ndani ya Wilaya ya Nchelenge yenyewe. Lami, umeme na simu vimeifanya safari kuwa nyepesi. Mwisho wa mwezi Julai, wakati wa sherehe ya Mutomboko ambapo Mwata Kazembe hucheza ngoma ya ushindi mbele ya watu wake, wageni hufurika bondeni, na wengi wao husogea kaskazini ili waione pwani ya Mweru kabla ya kurudi makwao.

Ufuko huo umekuwa mahali pa kupumzikia. Siku ya Jumapili familia za walimu, wauguzi, askari na wafanyabiashara hushuka majini na vikapu vya chakula. Vijana hucheza mpira juu ya mchanga mgumu. Mashua za injini hukodishwa kuwazungusha wageni, redio hulia, na watoto hukimbiza makundi ya ndege ili wayaone yakiruka kwa pamoja. Ni furaha halali ya watu waliofanya kazi wiki nzima.

SWALI LISILOULIZWA

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Watu wa Nchelenge wana haki ya kutumaini kwamba utalii utawaponya. Samaki peke yao hawatoshi tena kulisha na kusomesha watoto wa ufuko mzima. Ila ufukoni kuna wenyeji wa namna mbili. Mwenyeji wa kwanza ni mtu. Wa pili ni ndege, kiboko, mamba na wanyama wengine waliokuwapo kabla ya nyumba ya kwanza kujengwa. Je, mgeni anapokuja, mwenyeji huyu wa pili naye hupona?

Kwa miaka mingi swali hilo halikuulizwa mahali pengi duniani. Ilidhaniwa kwamba anayemdhuru mnyama ni mwenye bunduki, mtego au wavu, na kwamba anayekuja kutazama tu, kuogelea au kutembea, hadhuru kitu. Wataalamu walipoanza kupima, dhana hiyo ilitikisika. Mwaka 2016 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya makala 274 za kisayansi kuhusu burudani za nje na wanyama. Zaidi ya asilimia 93 ya makala hizo zilionyesha athari angalau moja kwa wanyama, na asilimia 59 ya athari zilizoonekana zilihesabiwa kuwa mbaya. Lililowashangaza wengi ni kwamba burudani zisizotumia injini, kama vile kutembea kwa miguu, zilikuwa na ushahidi mwingi zaidi wa madhara kuliko zile za injini. Aidha, sehemu kubwa ya tafiti hizo ilifanyika Amerika ya Kaskazini na Ulaya. Afrika, yenye wanyama wengi na wageni wengi, ilikuwa nyuma.

Hata hivyo, Afrika Mashariki ina mifano yake. Katika Maasai Mara nchini Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulilinganisha duma wanaozaa penye magari mengi ya watalii na wale wanaozaa penye magari machache. Palipo na watalii wachache, duma jike alikuza kwa wastani watoto 2.3 katika kila uzao. Palipo na watalii wengi, wastani ulikuwa 0.2. Hakuna aliyempiga risasi mtoto hata mmoja wa duma hao. Magari yalizunguka tu, kila moja likitaka picha.

Huko Kizimkazi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, pomboo waliwahi kuvuliwa ili nyama yao iwe chambo cha papa. Katika miaka ya 1990 wavuvi waligundua kwamba pomboo aliye hai huleta fedha nyingi kuliko aliyekufa, wakaanza kuwapeleka wageni kuwatazama. Hiyo ilikuwa nafuu kubwa kwa mnyama. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba mashua za watalii zinapowazunguka, pomboo hupumzika na kula kwa muda mfupi zaidi na huogelea zaidi kutoka mahali hadi mahali. Mnyama asiyepumzika na asiyekula vizuri hudhoofika, na mwenye kunyonyesha hudhoofika kuliko wote.

Nchini Zambia kwenyewe, kando ya Mto Zambezi, yupo ndege mmoja ambaye taya la chini la mdomo wake ni refu kuliko la juu. Huruka karibu sana na maji, akiukwangua uso wa mto kwa taya hilo ili anase samaki wadogo. Ndege huyu hutaga mayai yake katika vishimo vifupi vya mchanga wakati wa kiangazi, maji yanapopungua na vilima vya mchanga kutokeza. Mashua ya kasi ikipita, wimbi lake hupanda mchangani na kuyafagia mayai. Aliyemo ndani ya mashua huwa amekwisha kuwa mbali, naye hajui alichokiacha nyuma.

SOMO LA MPUMBU

Watu wa Mweru hawana haja ya kwenda mbali ili walielewe jambo hili, maana ziwa lao limekwisha kuwafundisha. Zamani samaki aitwaye mpumbu alipanda Mto Luapula kwa makundi makubwa kila msimu wa mvua ili akatage mayai. Alikuwa samaki mwenye nyama tamu, na mayai yake yalipendwa. Biashara ya samaki ilipokua, hasa kwa ajili ya kuwalisha wafanyakazi wa migodi ya shaba ya Katanga na ya Zambia, nyavu zilitandwa mtoni wakati uleule wa kupanda. Kufikia miaka ya 1950 uvuvi wa mpumbu ulikuwa umeanguka. Hakuvuliwa tu kwa wingi. Alivuliwa saa ya kuzaa.

Kutokana na masomo ya namna hiyo, leo sheria ya Zambia hufunga uvuvi katika maji mengi ya nchi, Mweru na Luapula yakiwamo, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, ili samaki wazae. Mvuvi wa Kashikishi, hata akinung'unika, analijua vizuri jambo lenyewe: kila kiumbe kina saa yake ya unyonge, na anayemgusa saa hiyo humdhuru kuliko anayemgusa mwaka mzima uliobaki.

Hapa ndipo penye jambo ambalo halionekani upesi. Kalenda ya samaki na kalenda ya ndege wa mchangani si moja. Maji ya Mweru hupanda na kushuka kwa mita 1.7 hivi kila mwaka. Kilele huja baada ya mvua kwisha, kisha ziwa hushuka polepole kiangazi chote, likiacha mchanga wazi. Ndege wanaotaga juu ya mchanga hungojea wakati huo. Basi saa yao ya unyonge huangukia kiangazi, wakati ambapo hakuna marufuku ya uvuvi, barabara ni kavu, shule zimefungwa kwa likizo ya Agosti, na wageni wa Mutomboko wamejaa ufukoni. Sheria inayomlinda samaki haimgusi ndege, kwa kuwa haikutungwa kwa ajili yake.

Madhara yenyewe huja kimya kimya. Mtu akipita karibu na kiota, ndege huondoka. Mayai hubaki wazi juu ya mchanga unaowaka jua la saa sita, na dakika chache za joto hilo zaweza kuwaua makinda waliomo ndani. Kunguru na mwewe nao hungojea nafasi hiyohiyo. Mpita njia hakuona kiota, kwa sababu mayai yana rangi ya mchanga, naye hurudi nyumbani akisema kwamba siku ilikuwa njema.

JINSI YA KUPIMA

Mpelelezi mzuri wa polisi hamfikishi mtu mahakamani kwa uvumi, na mchunguzi wa wanyama naye hapaswi kumlaumu mgeni kwa uvumi. Ndege wakipungua ufukoni, sababu zaweza kuwa nyingi: matete yamekatwa, nyavu zimewanasa, mashamba yamesogea majini, au mvua imebadilika. Kazi ya utafiti ni kutenganisha sababu moja na nyingine.

Nchelenge haina ugeni na kazi ya namna hii. Kwa miaka mingi wataalamu wa malaria, wakishirikiana na kituo cha utafiti wa magonjwa ya nchi za joto kilichoko Ndola, wamekuwa wakihesabu mbu katika nyumba za wilaya hii. Hutega mitego ya taa usiku, asubuhi huwatenga mbu aina kwa aina, na huandika idadi, tarehe na nyumba. Kwa subira hiyo wameonyesha ni aina gani ya mbu inayoeneza malaria zaidi na katika majira gani. Familia nyingi zimekwisha kumzoea kijana mwenye daftari anayegonga mlango alfajiri. Anayeweza kuhesabu mbu anaweza kuhesabu ndege.

Njia ya kwanza haihitaji chombo cha gharama. Mchunguzi huchagua ndege aliyetulia, kisha humwendea kwa mwendo wa kawaida usiobadilika. Anapoona ndege ameinua kichwa, hudondosha kijiti. Ndege anaporuka, hudondosha kijiti cha pili. Baadaye hupima umbali kutoka kila kijiti hadi pale ndege alipokuwa. Jaribio hilo hurudiwa mara nyingi, kwa ndege wa aina mbalimbali, asubuhi na jioni, kwa mtu anayetembea, watoto wanaokimbia, mbwa, na mashua. Kwa kawaida ndege wakubwa huruka mapema kuliko wadogo. Mwisho wa kazi hupatikana hesabu iliyo wazi: umbali gani uachwe ili ndege wa aina fulani asisumbuke.

Njia ya pili ni kulinganisha. Ufuko ulio karibu na mji hulinganishwa na ufuko wa mbali unaofanana nao. Jumapili hulinganishwa na Jumatano, na mwezi wa Mutomboko na mwezi wa kabla yake. Njia ya tatu ni kufuatilia viota: mangapi yametagwa, mangapi yameanguliwa, makinda wangapi wameruka. Hiyo ndiyo hesabu yenye uzito kuliko zote, kwa maana ndege kuruka na kurudi si hasara kubwa, lakini mwaka usio na makinda ni hasara isiyolipika.

Mchunguzi hujihadhari pia na kosa moja la hukumu. Ndege asiyeruka huenda hakuridhika. Labda hana pengine pa kwenda, au ameshikwa na njaa kiasi cha kuthubutu. Kinyume chake, yule anayeruka mapema huenda anacho kisiwa kingine karibu. Kwa sababu hiyo wataalamu wengine hupima hata kinyesi cha wanyama ili waone homoni za wasiwasi. Kwa njia hiyo iligunduliwa, katika hifadhi moja ya Afrika ya Kusini, kwamba tembo walikuwa na wasiwasi zaidi mwilini katika miezi yenye wageni wengi.

BARA NYUMA YA UFUKO

Jambo hili haliishii mchangani. Mashariki ya Nchelenge, katika Mto Kalungwishi, yako maporomoko ya Lumangwe na Kabwelume, mazuri kiasi cha kumfanya mgeni asimame bila neno. Karibu na hapo ni Hifadhi ya Taifa ya Uwanda wa Lusenga. Kaskazini zaidi ni Hifadhi ya Mweru Wantipa, yenye ziwa dogo ambalo maji yake hupanda na kushuka vibaya, pengine hata kukaribia kukauka. Hifadhi zote mbili zilitangazwa mwaka 1972, na ardhi oevu ya Mweru Wantipa iliingizwa katika orodha ya kimataifa ya Ramsar mwaka 2007. Nyika hizo ndizo zilizokuwa na makundi makubwa ya tembo, na faru weusi pia, kabla ya ujangili kuwafyeka.

Mabaki ya wanyama walionusurika bunduki ni waoga kuliko wengine, na mwoga hulipa gharama kubwa anapobughudhiwa. Mwaka 2018 ulichapishwa uchambuzi wa tafiti 76 kuhusu aina 62 za wanyama wanyonyeshao katika mabara sita. Ulionyesha kwamba palipo na watu wengi, wanyama huhamishia maisha yao usiku. Mnyama aliyegawa shughuli zake nusu kwa nusu kati ya mchana na usiku, huzifanya asilimia 68 gizani. Hata watu waliopita kwa miguu bila silaha walisababisha badiliko hilo. Askari wa doria, ambao nchini Zambia walinzi wa hifadhi nao huitwa polisi wa wanyama pori, watalielewa jambo hili mara moja. Nyayo nyingi za asubuhi na macho yasiyoona kitu mchana si dalili kwamba mnyama hayupo. Ni dalili kwamba amejifunza kukwepa.

MIZANI

Mvuvi mwenye watoto sita atauliza, na ana haki ya kuuliza: je, ndege ni bora kuliko mtoto? Mwenye nyumba ya wageni atauliza kama anatakiwa kuufunga mlango wake. Na mzee anayekumbuka habari za kuhamishwa kwa ajili ya malale atauliza kama daftari hili jipya ni mwanzo wa kufukuzwa tena.

Jibu linapatikana katika misitu ya mpakani mwa Uganda, Rwanda na Kongo. Sokwe wakubwa wa milimani, yaani gorila, walikuwa karibu kutoweka. Fedha za wageni waliokuja kuwatazama zilisaidia kulipa walinzi na kuwafaidisha vijiji vya jirani, na hesabu iliyotolewa mwaka 2019 ilifikia gorila 1,063. Lakini wageni haohao wangeweza kuwaua kwa mafua, na mwaka 1996 upele ulioshika kundi moja la Bwindi ulimuua mtoto wa gorila. Kwa hiyo yapo masharti: kundi moja la wageni kwa siku, muda wa saa moja, na umbali wa mita 7, ulioongezwa nchini Uganda hadi mita 10 wakati wa ugonjwa wa korona. Wageni hawakuzuiwa, wala gorila hawakuachwa bila ulinzi. Kilichofanyika ni kupima na kuweka masharti.

Mweru wangeweza kufanya vivyo hivyo kwa gharama ndogo. Vilima vichache vya mchanga vyenye viota vingeachwa kwa wiki chache za kiangazi, vikiwekewa vigingi na kamba. Mashua za wageni zingepunguza mwendo karibu na ukingo wa matete. Vijana wa ufukoni, wajuao kila kichaka cha mafunjo, ndio wangelipwa kuhesabu na kulinda. Huko Bangweulu, yatokako maji ya Luapula, wavuvi wamekwisha kuajiriwa kulinda viota vya korongo nyangumi, ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo mfano wa kiatu, ambaye kwa kawaida hukuza kinda mmoja tu. Hapo hakuna aliyefukuzwa. Mwenyeji wa ziwa amepewa kazi ya kumlinda mwenyeji mwenzake.

Kwa familia itakayopanga kupumzika Nchelenge, mambo ya kuzingatia si mengi. Ndege wakionekana wakilia na kuruka juu ya kichwa, au mmoja akijikokota mchangani kama aliyevunjika ubawa, hapo pana kiota, na njia nzuri ni kurudi kwa hatua zilezile. Watoto waelezwe kwamba kundi la ndege waliosafiri kutoka Ulaya limetua ili lile na kupumzika, na kila mbio za mchezo hulinyang'anya nguvu. Mbwa afungwe. Mabaki ya chakula yarudi kapuni, kwani huwaita kunguru, na kunguru akimaliza makombo hutafuta mayai. Kiboko na mamba waheshimiwe: jioni watu watoke ukingoni, kwa maana kiboko hupanda nchi kavu kula majani usiku na hapendi kuzibiwa njia. Na usiku chandarua kisisahauliwe, kwa sababu mbu wa Nchelenge hawana mapumziko.

Wahenga walisema pia kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la ufuko wa Mweru ni daftari na kalamu. Mgeni akaaye siku ya tatu, awe askari aliye likizoni, mwalimu au mwanafunzi, anaweza kuketi chini ya mti saa moja ya asubuhi, akaandika ni ndege gani amewaona, wangapi, saa ngapi, na nini kiliwarusha. Karatasi moja haina uzito. Lakini karatasi za kiangazi kumi, zikitunzwa katika shule au ofisi ya wilaya, ndizo zitakazowaambia watu wa Nchelenge kama mwenyeji wao wa pili amepona au anaondoka, wakati ambapo bado lipo la kufanya. Mpumbu hakupata mtu wa kumhesabu mapema.